Kuku na sungura hawali katika debe moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwafikie wasomaji wanaofuga kuku wachache uani pamoja na sungura wa watoto. Mwezi uliopita alinijia mlangoni binti wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tano, akiwa amebeba beseni lililofunikwa kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na sungura watatu waliokufa usiku mmoja, matumbo yamewavimba na kukaza kama ngoma. Mama yake alikuwa amemtuma aniulize kama ni baridi iliyowaua au ni jicho la mtu. Nilimwuliza mtoto walikuwa wakila nini, naye akanieleza bila kuficha: asubuhi chakula cha kuku wa mayai, mchana maganda ya viazi na mkate uliobaki, jioni kabichi. Nilipouliza kuhusu majani ya kawaida alisema kwamba tangu mvua zianze mama hamruhusu kuingia majanini kwa kuogopa nyoka.

Nilifanya kazi ya ugani wa mifugo mkoani Morogoro kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo nimewahi mimi mwenyewe kumwambia mfugaji, kwa haraka ya kuwahi kaya nyingine, kwamba pumba na majani vinatosha. Havitoshi, na nimeona aibu kuikumbuka kauli hiyo nilipokuwa nimesimama mbele ya lile beseni. Ninayoandika hapa ni yale niliyopaswa kuyasema tangu mwanzo.

Sisi tuliokulia vijijini tulizoea kumwona kuku akifunguliwa alfajiri, akitupiwa konzi moja ya mahindi au chicha za nazi, kisha akiachwa aende zake hadi magharibi. Wengi wetu tuliamini kwamba ile konzi ndiyo iliyomlisha, kumbe kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya asisahau njia ya nyumbani. Kuku yule alikula mchwa, panzi, minyoo na funza. Alidonoa majani machanga na mbegu za magugu. Alimeza vijiwe vya kusagia chakula ndani ya firigisi, na alipokuwa akitaga alitafuta vipande vya maganda ya konokono na udongo wenye chokaa. Alijipangia mlo wake mwenyewe, na aliupanga vizuri. Leo katika mitaa yetu ya mjini kuku huyo amefungiwa, na sababu za kumfungia ni za haki: bustani ya jirani, magari, wezi na vicheche. Lakini mwenye kufunga mlango wa banda amejitwalia kazi yote aliyokuwa akiifanya kuku huko nje, na hapo ndipo wengi tunapokosea, kwa kuwa tunaendelea kutupa ile konzi moja, safari hii ya pumba, na kushangaa kwa nini kuku hatagi.

Chukua hesabu ya ganda la yai peke yake. Ganda la yai la kawaida lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni chokaa, kwa hiyo kila yai linaondoka na takriban gramu 2 za madini ya kalsiamu kutoka mwilini mwa kuku. Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na kiasi hicho cha pumba za mahindi hakimpi hata sehemu ya kumi ya gramu moja ya madini hayo. Kilichopungua atakitoa wapi? Atakitoa kwenye mifupa yake. Kwa wiki chache mfugaji ataona mayai yanaendelea kuja na ataridhika, kisha yataanza kuja mayai yenye ganda jepesi, halafu yasiyo na ganda kabisa, na mwishoni kuku atalala chini akiwa hawezi kusimama, huku mwenyewe akikimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Nimewaona wengi waliotibiwa kwa antibiotiki ugonjwa ambao ungeponywa na kopo la maganda ya chaza.

Ganda hutengenezwa kwa sehemu kubwa usiku, na kwa sababu hiyo ni vizuri kuku wawekewe maganda ya chaza au ya konokono yaliyopondwa, katika chombo chao cha pembeni, kuanzia mchana, ili kila mmoja ale kadiri anavyohitaji. Maganda ya mayai nayo yanafaa, mradi yaoshwe, yakaushwe juani au juu ya jiko, na yapondwe hadi yasitambulike, kwani kuku akilitambua ganda la yai atajifunza kula mayai yake mwenyewe. Chokaa ya kuongezea katika chakula iwe ile ya mifugo inayouzwa kwa kazi hiyo, na kamwe isiwe chokaa ya kupaka nyumba, ambayo huunguza. Pia chakula cha kuku wa mayai wasipewe vifaranga wala mitemba ambao hawajaanza kutaga, kwa sababu wao huhitaji takriban robo tu ya kalsiamu iliyomo humo, na inayozidi huharibu figo zao kimyakimya hadi siku wanapokufa bila dalili nyingine.

Nije kwenye protini, ambayo ndiyo ghali na ndiyo watu wanayoipunguza kwanza. Kifaranga katika wiki zake za mwanzo anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 20 hivi, anayekua asilimia 15 au 16, na anayetaga asilimia 16 hadi 18. Mahindi yana asilimia 8 au 9, na pumba zake ni asilimia 10 hivi. Mtu anaweza kudhani kwamba akimpa kuku pumba nyingi zaidi pengo litajazika, lakini kuku hana tumbo la kubeba nyuzinyuzi zote hizo, na hata protini yenyewe ya mahindi imepungukiwa na viambata muhimu ambavyo mwili wa ndege hauwezi kujitengenezea. Viambata hivyo ndivyo vinavyopatikana kwa wingi katika dagaa, katika soya na katika wadudu, na ndiyo maana kuku wa kijijini aliyekuwa akila mchwa alistawi kwa konzi moja ya nafaka. Kuku walionyimwa protini hudonoana manyoya hadi damu, na mara ngapi tumesema kwamba hao ni kuku wakorofi!

Kwa mwenye kuku wa mayai thelathini au hamsini anayetaka kuchanganya mwenyewe, naweka hapa mchanganyiko nilioutumia nyumbani kwa miaka kadhaa, na hesabu yake mtu anaweza kuirudia kwa kalamu. Katika kilo 100 weka mahindi yaliyoparazwa kilo 48, pumba za mahindi kilo 10, mashudu ya alizeti kilo 20, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 6, dagaa waliosagwa kilo 7 na chokaa ya mifugo kilo 8. Kilo moja inayobaki ni chumvi gramu 300, na sehemu nyingine ni unga wa mifupa pamoja na premiksi ya vitamini na madini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Ukizidisha kila kitu kwa protini yake, ukichukulia mashudu kuwa na asilimia 28, soya asilimia 36 na dagaa safi asilimia 55, utapata asilimia 16 na nusu au karibu 17, na kalsiamu itazidi kidogo asilimia 3. Kopo la maganda ya chaza pembeni litamaliza kazi. Soya lazima ikaangwe, kwa kuwa ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia protini kusagika tumboni, na hivyo utakuwa umenunua kitu ghali ili kuzuia kitu kingine ghali kisifanye kazi. Mashudu nayo hutofautiana: yale ya mashine ndogo yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana protini pungufu na nyuzinyuzi nyingi, na mnunuzi akiona maganda meusi yamejaa mkononi ajue kwamba hesabu yangu haitatimia kwake.

Kuna upungufu mwingine unaotokana na mapenzi yetu wenyewe. Sisi Waafrika Mashariki tunapenda mahindi meupe, na kuku wetu wanakula tunachokula. Mahindi ya njano yana rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Meupe karibu hayana. Kuku aliyefungiwa na kulishwa mahindi meupe na pumba zake, bila majani mabichi wala premiksi, hutaga mayai yenye kiini kilichopauka, na upungufu ukiendelea macho yake huvimba na kujaa kitu kama jibini, hasa kwa vifaranga. Dawa yake inaota uani. Mchicha, matembele, majani ya mlonge na sukuma wiki, yakifungwa fundo na kuning'inizwa kwa kamba kimo cha kichwa cha kuku, yanatosha, na yanawapa pia shughuli ya kufanya badala ya kudonoana. Mteja anayelalamika kwamba mayai ya siku hizi hayana rangi anaona kwa macho yake chakula ambacho kuku hakupewa.

Kuhusu makombo ya mezani, yapo masimulizi ya kweli ambayo nimeyasimulia katika mikutano mingi ya wafugaji, nami nayaleta hapa kwa sababu yanahusu wali, na nyumba zetu nyingi hulisha kuku kiporo cha wali. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akichunguza beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu ya watu, mjini Batavia katika kisiwa cha Java, mji unaoitwa leo Jakarta. Kuku wa maabara yake walianza kulegea miguu na kuyumba, kisha baada ya muda wakapona bila kutibiwa. Alipofuatilia aligundua kwamba waliugua katika kipindi walichokuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi, na walipona baada ya mpishi mpya kukataa mchele wa askari ulishwe kuku wa raia, wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Uchunguzi huo ulifungua njia ya kutambuliwa kwa vitamini, na mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins. Kuku wale walikuwa wakishiba kila siku. Makombo yawe nyongeza ndogo, yasiwe na chumvi nyingi, kwani chumvi huua vifaranga upesi, na yasiwe na vipande vya parachichi, ambalo lina sumu kwa ndege na kwa sungura pia.

Jambo la kuvu nitalisema kwa ukali kidogo, na naomba nisamehewe. Ipo desturi ya kuchambua mahindi, yale mazuri yakaenda mashineni na yale yaliyooza au kuota ukungu yakatengwa kuwa “ya kuku”. Sumukuvu haiishi kwa kuoka wala kwa kusagwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana, hadi ilipobainika kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu yaliyotoka Brazili, na huo ndio mwanzo wa dunia kuijua sumu hii kwa jina la aflatoksini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 msiba kama huo ukazifika familia za Dodoma na Manyara. Bata na vifaranga ni dhaifu zaidi mbele yake kuliko kuku wakubwa. Kuku mkubwa anaweza kuishi nayo huku ini likiharibika na utagaji ukishuka, na sehemu ya sumu hiyo hubaki katika ini na kuingia katika mayai tunayowakaangia watoto wetu. Mahindi ya kuku yakaushwe na kuhifadhiwa kama ya binadamu, juu ya vichanja, mbali na ukuta, na mchanganyiko usinunuliwe wa zaidi ya mwezi mmoja, hasa masika.

Sasa nirudi kwa sungura, ambao ndio waliosababisha barua hii.

Katika hadithi zetu sungura ni mjanja anayewashinda simba na fisi, lakini ndani ya kizimba ni mnyama dhaifu sana, na udhaifu wake uko tumboni. Kuku ana tumbo fupi ambalo chakula hupita kwa saa chache, kwa hiyo anahitaji chakula kidogo chenye nguvu nyingi; sungura ameumbwa kinyume chake, kula majani mengi yenye nguvu kidogo, mchana na usiku, bila kupumzika muda mrefu. Mwanzoni mwa utumbo wake mpana kuna mfuko mkubwa wenye vijidudu wema wanaochachua majani, na katika mfuko huo hutengenezwa protini na vitamini ambazo sungura huzirudia kwa kula kinyesi laini kinachotoka, mara nyingi usiku, moja kwa moja kutoka mkunduni. Watu wakimwona akifanya hivyo hudhani ana njaa au ana kichaa, na wapo wanaompiga. Aachwe. Anakula sehemu ya pili ya mlo wake, na akizuiwa atakonda.

Vijidudu wale wanaishi kwa kutegemea nyuzinyuzi. Sungura akipewa mkate, ugali, pumba nyingi au chakula cha kuku, wanga unaozidi hufika katika ule mfuko ukiwa haujasagika, vijidudu wabaya hujitwalia nafasi, gesi hujaa, utumbo husimama, na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, hana mlango wa kujiokoa. Kabichi nyingi mbichi juu ya tumbo lililokwisha kuvurugika huongeza gesi. Hivyo ndivyo walivyokufa wale watatu, na hapakuwa na jicho la mtu. Chakula cha kuku wa mayai kina kosa jingine kwao: kalsiamu yake ni mara kadhaa ya mahitaji ya sungura, ambaye tofauti na wanyama wengi hufyonza karibu yote anayopewa na kuitoa kupitia mkojo, ukawa mweupe na mzito kama uji, na baadaye yakaja mawe ya kibofu. Vyakula vya vifaranga huwekwa pia dawa za kuzuia koksidia, yaani vimelea vya utumbo, na baadhi ya dawa hizo ni sumu kwa sungura. Mfuko mmoja kwa banda lote unaonekana kuwa nafuu, lakini nafuu hiyo haipo.

Mtoto anayetaka kumlisha sungura wake vizuri hahitaji fedha, anahitaji mundu na muda wa saa nzima jioni. Sehemu nane katika kumi za chakula ziwe nyasi, mbichi au zilizokaushwa, na zisiishe mbele yake. Ukoka, majani ya tembo na nyasi nyingine za kawaida zinafaa. Juu yake waongezewe majani ya aina mbili au tatu kama vile mchunga, kishona nguo kabla hakijatoa mbegu, matembele, majani ya mgomba au ya mlonge. Majani yaliyokatwa yakiwa na maji yatandazwe kivulini yanyauke kwanza, tena yatandazwe kweli, kwani yakirundikwa hupata joto na kuchacha. Karoti na tunda lolote tamu ni peremende kwa sungura: kipande cha ukubwa wa kidole mara mbili kwa wiki si dhambi. Mwenye uwezo wa kununua peleti za sungura, yaani chakula kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo, ampe mkubwa asiyezaa kiganja kimoja tu kwa siku, na aongeze kwa jike anayenyonyesha, kwa sababu maziwa ya sungura ni mazito sana na jike huyo hunyonyesha mara moja tu kwa siku huku akiwakuza watoto saba au wanane kwa maziwa hayo. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya parachichi na ya mihogo mibichi wasipewe kabisa, na majani ya mti wa malisho uitwao lukina wapewe kidogo, kwani yakizidi huwanyonyoa manyoya.

Nyasi zina kazi nyingine ambayo hakuna chakula cha unga kinachoweza kuifanya. Meno ya mbele ya sungura huota maisha yake yote, takriban milimita 2 kila wiki, na yanapunguzwa kwa kutafuna tu. Sungura aliyelishwa vyakula laini utamwona baada ya miezi anasogelea chombo, ananusa, anageuka na kuondoka; ana njaa, lakini meno yamepishana au yamemchoma shavu. Mwezi wa pili wa maisha, wakati wa kuachishwa ziwa, ndio wenye vifo vingi, na katika kipindi hicho chakula kibadilishwe polepole kwa muda wa siku saba hadi kumi, cha zamani kikichanganywa na kipya. Sungura ambaye hajala kwa saa kumi na mbili na haonyeshi kinyesi ni mgonjwa mahututi hata kama ametulia, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ileile. Maji safi wapewe wote, kuku na sungura, kila saa ya mchana na usiku. Maneno ya wazee kwamba sungura hanywi maji yamewaua wengi, hasa majike wanaonyonyesha.

Ndugu Mhariri, lawama hii isiwaangukie wafugaji peke yao. Tunayo Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Namba 13 ya mwaka 2010, lakini katika masoko mengi chakula cha mifugo bado kinauzwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi, lisilo na karatasi inayoonyesha protini, kalsiamu, tarehe ya kuchanganywa, wala mnyama aliyekusudiwa. Niliwahi kununua dagaa wa kulishia katika duka moja ambalo sitalitaja. Nilipowatia katika glasi ya maji na kukoroga, mchanga uliotulia chini ulifika karibu robo ya glasi. Kila mnunuzi anaweza kufanya jaribio hilo pale pale dukani, na naomba wauzaji wasilichukie. Naomba pia mamlaka zinazohusika ziwatake wachanganyaji wote, hata wadogo, waambatishe kipande cha karatasi chenye mambo hayo manne, kwa sababu yule mama jirani yangu hakuwa mzembe: aliuziwa “chakula cha mifugo”, naye alikuwa na mifugo.

Katika kizimba kile alibaki sungura wa nne, jike mweusi, ambaye inaonekana alinusurika kwa sababu alikuwa akitafuna majani yaliyopenya kwenye wavu kutoka upande wa uzio. Kwa wiki tatu sasa binti huyo hupita kwangu jioni na mundu, nasi huenda pamoja kukata ukoka kando ya mfereji wa mtaa, mimi nikitangulia na fimbo kwa ajili ya wale nyoka wa mama yake. Jumamosi iliyopita tulikuta ukoka wote umegeuka njano na unanuka dawa ya kuua magugu. Hakuna aliyetangaza, wala hapakuwa na kibao. Naomba viongozi wa serikali za mitaa, kwetu na kwingineko, watoe taarifa kwa kipaza sauti siku mbili kabla ya kupulizia dawa kando ya mifereji na barabara, kwa kuwa siku hizi watoto wengi wanakata majani hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa mifugo mstaafu,
Kihonda, Morogoro.